Jiko la Kuchomea Nyama: Namna ya Kuchagua Ukubwa Unaolingana na Mahitaji Yako

Wakati wa sikukuu, mahari, sherehe za kuhitimu na mikutano ya vyama, moshi wa nyama choma huonekana karibu katika kila mtaa wa kaunti. Mafundi wa jua kali nao hupata kazi nyingi ya kutengeneza majiko. Mnunuzi anapofika kwa fundi, mara nyingi huanza kwa kuuliza bei. Swali la kwanza lingefaa kuwa hili: jiko hili litachoma kilo ngapi kwa mkupuo mmoja, na litakula makaa kiasi gani?

Kosa katika ukubwa wa jiko lina gharama. Jiko kubwa kupita kiasi humeza makaa hata pale mpishi ana kilo moja tu ya nyama. Jiko dogo kupita kiasi huchelewesha chakula, wageni wanaanza kunung'unika, na mpishi anajikuta akitoa nyama iliyoungua nje huku ndani ikiwa bado mbichi. Nyama iliyosalia nayo inakaa kwenye beseni juani ikingoja zamu yake. Hapo ndipo sherehe huishia kwenye foleni ya zahanati.

Somo hili linaeleza hesabu rahisi ambayo mkaazi yeyote anaweza kuifanya kwa futi ya kupimia na kalamu kabla ya kwenda kwa fundi. Linaeleza pia jinsi ya kuchagua jiko la moshi lenye kifuniko, na mambo ya usalama ambayo hayafai kupuuzwa.

Hatua ya kwanza: hesabu watu, kisha kilo

Katika vibanda vingi vya nyama nchini, mteja huagiza kwa kilo, nusu kilo au robo. Kipimo hicho hicho kinatosha nyumbani. Pakiwa na ugali, kachumbari na mboga, robo kilo ya nyama mbichi yenye mfupa humtosha mtu mzima mmoja. Kwa hivyo kilo moja hulisha watu wanne. Watoto wawili wadogo wanaweza kuhesabiwa kama mtu mzima mmoja.

Usihesabu kwa uzito wa nyama iliyoiva. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, na uzito wake hushuka. Hesabu zote katika somo hili ni za nyama mbichi kama inavyopimwa buchani.

Hatua ya pili: geuza kilo kuwa nafasi kwenye wavu

Kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande vya unene wa sentimita 4 hivi, ikipangwa bila kubanana, huchukua eneo la takriban sentimita za mraba 500. Hicho ni kipande cha wavu chenye upana wa sentimita 22 na urefu wa sentimita 22 au zaidi kidogo. Nafasi kati ya vipande inahitajika ili joto lizunguke na mpishi aweze kugeuza nyama bila kuibomoa.

Wavu haufai kujazwa wote. Theluthi moja ya wavu inapaswa kubaki bila nyama, na chini yake kusiwe na makaa yanayowaka. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, nyama husogezwa upande huo hadi moto utulie. Hapo pia ndipo nyama iliyokwisha kuiva hukaa ikiwa moto bila kuungua. Mpishi aliyejaza wavu hana pa kukimbilia.

Ukiongeza nafasi hiyo, kila kilo ya nyama inahitaji sentimita za mraba 750 za wavu. Kanuni ni hii:

Idadi ya watu, gawa kwa 4, upate kilo. Kilo, zidisha kwa 750, upate ukubwa wa wavu katika sentimita za mraba.

Ukubwa wa wavu wenyewe hupatikana kwa kuzidisha urefu na upana wake. Wavu wa sentimita 40 kwa 30 una sentimita za mraba 1,200.

Ukubwa wa aina tatu

Jiko dogo, wavu wa sentimita 40 kwa 30. Huchoma kilo moja na nusu kwa mkupuo mmoja, yaani watu 6. Linafaa familia ya kawaida, na linabebeka.

Jiko la wastani, wavu wa sentimita 60 kwa 40. Huchoma kilo 3, yaani watu 12. Linafaa nyumba inayopokea wageni mara kwa mara, au kibanda kinachoanza.

Nusu pipa. Pipa la chuma la lita 200 lina kipenyo cha takriban sentimita 57 na urefu wa sentimita 87 hivi. Likipasuliwa kwa urefu na kulazwa, hutoa wavu wa karibu sentimita za mraba 4,900. Kwa kanuni iliyotajwa, hizo ni kilo 6 na nusu, lakini kingo za pipa hazipati joto sawa na katikati, kwa hivyo ni busara kuhesabu kilo 6, yaani watu 24. Linafaa vyama, makanisa, misikiti, shule na vibanda vyenye wateja wengi.

Vipande vinene, kama mguu mzima wa mbuzi, huchukua nafasi ndogo zaidi kwa kila kilo, ila huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Mbavu ni kinyume chake: hutandaa na kuiva haraka. Anayechoma mguu mzima asijidanganye kwamba jiko lake limekuwa kubwa. Alichookoa katika nafasi atakilipa kwa saa.

Hatua ya tatu: pima makaa kabla ya kununua jiko

Jiko hununuliwa mara moja, lakini makaa hununuliwa kila wiki. Ili nyama iive vizuri, makaa yanahitaji kuwa na kina cha sentimita 7 hivi chini ya theluthi mbili za wavu. Kwa kipimo cha debe la lita 20, kuwasha kila jiko kunahitaji takriban:

Jiko dogo: robo debe.
Jiko la wastani: nusu debe.
Nusu pipa: debe moja.

Hayo ni makaa ya kuwashia tu, kabla ya kuongeza mengine katikati ya kazi. Familia ya watu 6 inayotumia nusu pipa kila Jumapili huteketeza makaa mara nne ya yale ambayo jiko dogo lingetumia, na nyama ni ile ile kilo moja na nusu. Baada ya miezi michache, tofauti hiyo inaweza kulipia jiko la pili.

Anayemiliki nusu pipa tayari hana haja ya kulitupa. Matofali mawili au matatu, au kipande cha chuma kilichokatwa kwa umbo la pipa, kinaweza kusimamishwa ndani kama ukuta ili makaa yakae upande mmoja tu. Jiko kubwa likigawanywa namna hiyo hutumika kama dogo siku za kawaida, na hufunguliwa lote siku ya sherehe.

Njia nyingine ya kuokoa makaa ni kuzuia joto lisipotee kwenye kuta. Wakaazi wengi wanalifahamu jiko la makaa lenye kauri ndani, ambalo lilianza kuenea nchini katika miaka ya 1980. Udongo uliochomwa huhifadhi joto na kulirudisha kwenye sufuria badala ya kuliacha lipite kwenye bati. Jiko la kuchomea nyama linaweza kufaidika kwa njia hiyo hiyo. Muulize fundi kama anaweza kuweka udongo au matofali ya kuhimili moto kando ya makaa. Litakuwa zito zaidi, ila litakula kidogo.

Kimo ni muhimu kama upana

Majiko mengi hupimwa upana na urefu, kina kikasahaulika. Makaa hayafai kukaa kwenye sakafu ya jiko. Yanahitaji wavu wake wa chini, ili majivu yadondoke na hewa ipite. Katika nusu pipa lenye kina cha sentimita 28, mgawanyo mzuri ni huu: sentimita 9 za nafasi ya majivu na hewa, sentimita 7 za makaa, na sentimita 12 kati ya makaa na nyama.

Nyama ikiwa karibu zaidi na makaa, huungua nje kabla ya kuiva ndani. Ikiwa mbali sana, mpishi huongeza makaa bila sababu. Jiko lenye vishikio vya kuinua na kushusha wavu ni bora zaidi kwa sababu mpishi huweza kurekebisha kimo badala ya kurekebisha moto.

Miguu ya jiko nayo ipimwe. Wavu ukiwa usawa wa kiuno cha mpishi, yaani sentimita 80 hadi 90 kutoka ardhini, mgongo haumumi na watoto wadogo hawafikii makaa kwa urahisi. Jiko lenye miguu mirefu liwe pia na miguu iliyotanuka, lisipinduke likiguswa.

Jiko la moshi lenye kifuniko

Wakaazi wengine wameanza kuagiza majiko yenye kifuniko kwa ajili ya kuivisha nyama polepole kwa moshi. Hapa hesabu hubadilika kidogo, kwa sababu nyama haikai juu ya moto mkali. Inaivishwa na hewa ya moto inayozunguka ndani, kwa joto la nyuzi 110 hadi 130 za selsiasi, kwa saa kadhaa.

Jiko la moshi la kawaida hutengenezwa kwa pipa zima lililosimamishwa. Makaa hukaa chini ndani ya kikapu cha chuma, na nyama hukaa juu, umbali wa nusu mita au zaidi. Wavu mmoja wa mviringo ndani ya pipa hilo una sentimita za mraba 2,500 hivi. Kwa kuwa hakuna haja ya kuacha theluthi ya wavu wazi, wavu mmoja hubeba kilo 5. Nyavu mbili, zikiachana kwa sentimita 20, hubeba kilo 10.

Jiko la moshi liwe na tundu za hewa mahali pawili: chini, karibu na makaa, na juu, kwenye kifuniko. Za chini ndizo za kuongoza moto. Ukizipunguza, moto hutulia, na kilo 3 au 4 za makaa zinaweza kufanya kazi kwa saa nyingi. Za juu zisifungwe kabisa nyama ikiwa ndani, kwani moshi uliozuiwa huacha uchungu kwenye nyama. Moshi mwembamba unaokaribia rangi ya buluu ndio mzuri. Moshi mzito mweupe ni dalili ya moto unaokosa hewa.

Hapa ndipo ukubwa huwaumiza wengi. Jiko la moshi likiwa kubwa kupita nyama iliyomo, mpishi huwasha moto mdogo ambao hautoshi kupasha nafasi yote, kisha huuongeza, joto likapita kiasi. Likiwa dogo mno, nyama hukaribia makaa na huwa inachomwa, si kuivishwa kwa moshi. Kwa familia ya watu 6 hadi 8, pipa zima ni kubwa mno. Pipa dogo la lita 100 au chini ya hapo linatosha.

Kuni za kuongeza moshi ziwe kavu na za miti ya matunda kama mpera au mwembe. Vipande viwili vya ukubwa wa ngumi vinatosha. Usitumie mbao zilizopakwa rangi, mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, vipande vya nguzo za umeme, wala mbao za misonobari zenye utomvu.

Kagua chuma chenyewe

Uliza pipa lilibeba nini kabla. Pipa lililobeba mafuta ya kupikia au juisi linaweza kusafishwa na kuchomwa moto mkali likiwa tupu na wazi, hadi rangi yote iishe. Pipa lililobeba dawa za mimea, kemikali za viwandani au kitu kisichojulikana lisitumike kamwe kwa chakula, hata likisuguliwa namna gani. Kukata pipa lililokuwa na petroli au kiyeyusho kwa moto wa gesi pia ni hatari, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Kazi hiyo iachiwe fundi anayejua.

Wavu wa nyama usiwe wa waya wa ua wala wa mabati. Waya hizo zimepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali hutoa moshi unaoweza kumfanya mtu apate homa na maumivu ya kifua. Chagua nondo nyembamba zisizopakwa kitu, au chuma kisichoshika kutu.

Usalama wa watu

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu na usingizi, na huweza kufariki kabla ya kutambua kinachotokea. Jiko la kuchomea nyama, la ukubwa wowote, litumike nje tu, mbali na madirisha. Likimaliza kazi lisiingizwe ndani ya nyumba ili kupasha chumba joto usiku, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Onyo hili linawahusu zaidi wakaazi wa maeneo ya baridi. Mtu akipatikana amezidiwa, atolewe nje kwenye hewa safi na apelekwe hospitalini mara moja.

Weka jiko angalau mita 3 kutoka ukuta, ua la makuti au nguo zilizoanikwa. Kuwa na ndoo ya mchanga karibu. Usimwage mafuta ya taa au petroli juu ya makaa ambayo tayari yameshika moto. Majivu yapozwe hadi siku ya pili au yamwagiwe maji kabla ya kutupwa, kwani kaa moja lililojificha linaweza kuchoma jalala zima.

Usalama wa nyama

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi wa nyama. Nyama mbichi na iliyoiva zisitumie sahani, ubao wala kisu kimoja bila kuoshwa. Kuku aive hadi nyuzi 74 ndani ya sehemu nene zaidi. Asiye na kipimajoto akate karibu na mfupa: maji yanayotoka yasiwe na rangi ya damu. Nyama ya nguruwe iive kabisa, kwa sababu nyama isiyoiva inaweza kuwa na mabuu ya tegu. Sehemu iliyoungua na kuwa kaa jeusi ikatwe na kutupwa.

Nyama inayongoja mkupuo wa pili isikae kwenye joto kwa zaidi ya saa 2. Ikiwa hesabu yako inaonyesha mikupuo mitatu, toa nyama kwenye jokofu kidogo kidogo, au omba jiko la pili kwa jirani.

Kwa wenye vibanda

Kwa mfanyabiashara, hesabu huanzia kwenye saa. Chukua kibanda kinachouza kilo 18 siku ya Jumamosi, kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Hizo ni saa 8. Mkupuo mmoja ukichukua saa moja na nusu, kuna nafasi ya mikupuo 5. Jiko moja la wastani litatoa kilo 15, kwa hivyo halitoshi. Nusu pipa litatosha, lakini litakula debe zima la makaa hata saa tisa alasiri wakati wateja ni watatu. Majiko mawili ya wastani ni bora zaidi: moja huwaka mchana kutwa, la pili huwashwa saa za wateja wengi.

Wenye vibanda wanakumbushwa kuwa na leseni ya biashara ya kaunti, na wahudumu wa chakula wawe na vyeti vya afya. Aidha, Kanuni za Misitu kuhusu makaa za mwaka wa 2009 zilimtaka anayesafirisha makaa awe na kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Nunua kwa muuzaji anayeweza kuonyesha makaa yake yametoka wapi.

Maswali ya kujipima

1. Chama chenye watu 16 kinataka kuchoma nyama yote kwa mkupuo mmoja. Kinahitaji wavu wa ukubwa gani?

2. Jirani ana jiko lenye wavu wa sentimita 50 kwa 30. Je, linaweza kutumika kwa watu hao 16?

3. Fundi anauza jiko la bei nafuu lenye wavu wa waya wa ua. Mnunuzi afanyeje?

Majibu

1. Watu 16 wanahitaji kilo 4. Kilo 4 mara 750 ni sentimita za mraba 3,000. Wavu wa sentimita 60 kwa 50 unatosha.

2. Wavu huo una sentimita za mraba 1,500, unaobeba kilo 2. Utatumika kwa mikupuo miwili. Nusu ya nyama ikae mahali pa baridi hadi zamu yake ifike.

3. Amwombe fundi aweke wavu wa nondo zisizopakwa kitu. Ikiwa haiwezekani, atafute jiko lingine.

Mkaazi mwenye shaka kuhusu nyama, pipa au mahali pa kuweka jiko la biashara anaweza kumwona afisa wa afya ya umma katika wadi yake kabla ya kutumia pesa.